Usingizi hauji na mawazo hayaishi: mwongozo kamili wa kurudisha usingizi wako hatua kwa hatua

Watu wengi wanaohangaika na usingizi wameshajaribu yale yale, maziwa ya moto, kuoga maji ya uvuguvugu, kuzima simu, wengine mpaka Piriton za dukani, na bado ikifika saa nane usiku wako macho wanahesabu mabati, madeni yanakuja, ada ya mtoto inakuja, maneno ya bosi ya juzi yanakuja. Ukimuuliza mtu huyo unapanda kitandani saa ngapi anakwambia saa tatu, "niuwahi usingizi kabla haujakata". Hapo ndo pa kuanzia. Ukiwa na tatizo la usingizi alafu ukawahi kitandani, unajiongezea masaa ya kulala macho, na masaa hayo ndo mawazo yanapopata nafasi ya kukutafuna.

Njia ninayoieleza hapa inaenda kinyume na hiyo, inapunguza muda wa kitandani kwanza alafu inaurudisha taratibu. Ndo tiba ya mazungumzo na tabia ambayo madaktari wa usingizi wanaiweka mbele kabla ya vidonge, na American College of Physicians, chama cha madaktari wa magonjwa ya ndani Marekani, mwaka 2016 kilishauri kila mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi aanzie hapo. Inachukua wiki 6 mpaka 8. Wiki mbili za mwanzo za kubana muda ni ngumu na nakwambia mapema ili zikifika usidhani imeshindikana.

## Vitu vya kuandaa

Daftari na kalamu, liwe daftari la hii kazi tu. Saa ya mezani yenye alamu, maana ukitumia simu utaangalia meseji, hilo nina uhakika nalo. Kiti au mkeka sehemu nyingine ya chumba mbali na kitanda. Taa ndogo isiyo kali. Kitu cha kufanya kisichosisimua, kitabu ulichoshawahi kusoma, nguo za kukunja, ukili wa kusuka, tasbihi.

Alafu unahitaji mtu mmoja wa nyumbani ajue unachofanya. Bila huyo, siku ya tatu akikukuta umekaa kwenye kiti saa tisa usiku atakwambia rudi kitandani baba, utaumwa, na utarudi.

## Soma hapa kwanza kama una hali hizi

Kubana muda wa kulala hakumfai kila mtu. Kama una kifafa, kama uliwahi kuambiwa una baipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda sana alafu kushuka sana) au uliwahi kuchanganyikiwa, kama ni mjamzito, usifanye hatua ya 3 bila daktari, kukosa usingizi kunaweza kuamsha degedege au kukuzidishia ugonjwa. Mzee mwenye tabia ya kuanguka usiku naye aongee na daktari. Dereva wa bodaboda, daladala, lori, fundi wa mashine ya kukata, nyie mnaweza kufanya hatua zote nyingine, ila hiyo ya 3 ngojeni likizo au mpunguze kidogo kidogo, maana usingizi utakukamata barabarani.

Kama unameza diazepam au dawa nyingine ya kulalia kila siku, usiikate ghafla, kukata ghafla kunaweza kuleta degedege. Daktari atakupunguzia dozi taratibu huku unafuata mwongozo. Na wewe unayekunywa pombe nyingi kila siku ni hivo hivo, usisimamishe siku moja bila kuonwa na daktari.

Walinzi, manesi na wote wa zamu za kubadilika, hizi ratiba za saa hazitawakaa vizuri, chukueni hatua ya 4, 5 na 6.

## Hatua ya 1: Andika daftari kwa wiki moja, usibadilishe kitu

Kila asubuhi ukishaamka andika saa uliyopanda kitandani, unakadiria ulichukua dakika ngapi kupata usingizi, ulishtuka mara ngapi na ulikaa macho kama muda gani, uliamka moja kwa moja saa ngapi, ulitoka kitandani saa ngapi. Pembeni andika chai, kahawa, pombe, na kama ulilala mchana.

Neno ni kadiria. Usikae unaangalia saa usiku ili uandike sawasawa, geuza saa iangalie ukuta. Mtu akijua ni saa nane na dakika arobaini anaanza kupiga hesabu, "nikilala sasa hivi napata masaa mawili", na hesabu hiyo peke yake inamwamsha kabisa.

Wiki ikiisha tafuta wastani. Tuseme unapanda saa 3 usiku na unatoka saa 11 alfajiri, hayo ni masaa 8 ya kitandani, lakini ukijumlisha usingizi wenyewe unapata masaa 5 na nusu. Gawanya 5.5 kwa 8 zidisha kwa 100, unapata kama asilimia 69. Hiyo namba ndo tunaipandisha, shabaha ni 85 kwenda juu.

Umefanikiwa kama una siku 7 zilizoandikwa. Wengi wanaruka hii hatua kwa sababu wanaona kama kazi ya shule, alafu hatua ya 3 wanakisia, na wakikisia wanajipa masaa mengi kuliko wanayolala na hakuna kinachobadilika.

## Hatua ya 2: Chagua saa moja ya kuamka, ya siku zote 7

Chagua saa unayoweza kuishika Jumatatu na Jumapili pia. Kwa Muislamu hii imekaa vizuri kwa sababu alfajiri huku kwetu karibu na ikweta haihami sana mwaka mzima, weka saa ya swala iwe ndo saa yako. (Ila usianze mwongozo huu Ramadhani, daku itakuvuruga, subiri Idi ipite.) Mwenye kuwahi daladala aweke saa ya daladala.

Alamu ikilia unatoka kitandani hata kama umelala masaa mawili. Alafu nenda nje, kaa kwenye mwanga wa asubuhi dakika 20 au 30, fagia uwanja, mwagilia, tembea kwenda kituoni. Saa ya mwili inajipanga kwa mwanga wa asubuhi na saa ya kuamka, saa ya kulala inafuata yenyewe baadae. Huwezi kuulazimisha mwili ulale saa fulani, lakini kuamka unaweza.

Onyo la hapa ni wikiendi. Ukifidia Jumapili mpaka saa nne asubuhi, Jumapili usiku hutalala, na Jumatatu utasema mwongozo haufanyi kazi.

## Hatua ya 3: Bana muda wa kitandani

Hii ndo roho ya mwongozo mzima na ndo wanayoikimbia.

Chukua wastani wa usingizi wako, ongeza nusu saa. Yule wa masaa 5 na nusu anapata 6. Hesabu kurudi nyuma kutoka saa ya kuamka, kama anaamka saa 11 alfajiri basi kitandani ni saa 5 usiku. Kabla ya hapo haruhusiwi kupanda hata kama anachoka, na hata kama wenzake wote wameshalala. Na usishuke chini ya masaa 5, hata daftari likisema unalala matatu.

Kwanini inafanya kazi? Kila saa unayokaa macho mchana mwili unakusanya hamu ya usingizi, ni kama njaa. Mtu anayedokoa dokoa kutwa hawezi kula ubwabwa wa usiku, na mtu anayesinzia kwenye kochi saa mbili, akapanda saa tatu, akarudi kulala tena asubuhi, anadokoa usingizi. Ukibana, hamu inajaa mpaka inakuwa na nguvu kuliko mawazo.

Mchana usilale. Ukizidiwa kabisa, dakika 20 kabla ya saa 9 mchana, kwa alamu.

Wiki ya kwanza utakuwa na usingizi mchana, hasira karibu, kusahau sahau. Waambie watu wa nyumbani, usifanye maamuzi makubwa ya hela wiki hiyo, usiendeshe chombo ukihisi macho mazito. Kazi kubwa ni kati ya saa 2 na saa 5 usiku, hapo usikae kwenye kochi la kuzama, simama, piga pasi, osha vyombo, andaa nguo za watoto za kesho.

Kila mwisho wa wiki piga hesabu upya. Ukifika asilimia 85 na kuendelea, ongeza dakika 15, panda kitandani mapema kidogo. Ikiwa kati ya 80 na 85 baki ulipo. Chini ya 80 punguza dakika 15, ila sakafu ya masaa 5 iko pale pale. Ongeza hivo hivo wiki kwa wiki mpaka ufike pale ambapo mchana uko sawa na usiku haukatiki katiki. Usiruke kutoka 6 kwenda 8 kwa sababu umelala vizuri siku tatu, nimeona hilo likiwarudisha watu mwanzo.

Dalili ya mafanikio: kuanzia wiki ya pili au ya tatu unapanda na kulala ndani ya nusu saa, na kushtuka usiku kunapungua, hata kama jumla ya masaa bado ni machache. Ubora unatangulia, masaa yanafuata.

## Hatua ya 4: Kitanda kiwe cha kulala tu

Kitanda ni cha usingizi na tendo la ndoa. Tivii, TikTok, hesabu za kikoba, ugomvi na mwenzako, kula, vyote vishuke chini. Ukiona zimepita kama dakika 20 na usingizi haujaja (kwa kukadiria, si kwa kuangalia saa) au ukianza kujisikia kukereka, toka. Kaa kwenye kiti chako, taa ndogo, fanya kile kitu cha kawaida. Unarudi macho yakiwa mazito na kichwa kinaanguka. Kuchoka peke yake hakutoshi, mtu anaweza kuchoka mwili na macho yakawa yamekauka. Ukirudi na usingizi usije, toka tena, hata mara nne kwa usiku.

Mwili wako umeshajifunza kwamba kitanda ni mahali pa kuwaza, ndo maana unasinzia sebuleni alafu ukigusa mto unaamka. Unaufundisha upya kwa kurudia.

Najua wengi tunaishi chumba kimoja, mume, mke, watoto wawili. Haihitaji chumba kingine, inahitaji sehemu nyingine. Mkeka ukutani unatosha. Lala upande wa nje wa kitanda ili usimruke mtu, chomoa chandarua upande wako tu alafu kichomeke tena ili mbu wasiingie kwa waliolala, na wewe kwenye kiti jifunike kanga miguu. Mambo madogo haya ndo yanayomfanya mtu aseme "aa ngoja nibaki tu kitandani", kwaiyo yapange mchana.

## Hatua ya 5: Yape mawazo saa yake

Mawazo ya usiku mengi ni ya kweli, kodi ni kweli inadaiwa, wa mkopo wa kausha damu ni kweli atapiga simu kesho. Kumwambia mtu "acha kuwaza" ni kumuonea, na ukijaribu kulisukuma wazo linarudi na nguvu. Tunachofanya ni kulihamishia muda.

Kila jioni, kama saa 12 na nusu, masaa kadhaa kabla ya kulala, kaa na daftari nusu saa. Chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika yale unayoweza kuyafanyia kitu, kulia yale ambayo kwa sasa huwezi. Kila la kushoto liandikie hatua moja ndogo ya kesho, na saa yake, na nani. Usiandike "kumaliza deni", andika "saa 4 nimpigie dada wa kikoba niombe kulipa mara mbili". Usiandike "mambo ya mtoto shule", andika "Jumatano nionane na mwalimu wa darasa". Hatua ikiwa kubwa sana kichwa hakiiamini na kitaendelea kukuamsha.

Ya kulia yaandike yote, yasome, alafu amua utafanya nini na hisia yenyewe, kuomba, kumwambia rafiki unayemwamini, kulia pia. Kuna huzuni ambazo hazina suluhisho, msiba hauna hatua ya kesho saa 4, na hizo zinahitaji mtu wa kukaa nazo pamoja. Kama humwambii mtu yeyote mchana, usiku zitakuja kukuambia wewe.

Wazo likija saa nane, andika neno moja kwenye karatasi gizani, "kodi", basi, jiambie ntalikuta jioni. Na kweli ulikute, ukiruka jioni mbili tatu kichwa kinajua ahadi ni ya uongo.

## Hatua ya 6: Shusha mwili

Keti au lala chali. Kunja ngumi za mikono sekunde 5, achia taratibu sekunde 10 huku ukisikia tofauti. Pandisha mabega mpaka masikioni, achia. Uso, tumbo, mapaja, vidole vya miguu, hivo hivo. Pumzi ya kutoa iwe ndefu kuliko ya kuvuta, vuta ukihesabu 4, toa ukihesabu 6.

Ifanye mchana kwanza, wiki nzima, ndo uilete usiku. Na usiifanye ili ulale, maana utaanza kujipima "mbona bado". Ifanye ili mwili utulie, usingizi ukija sawa, usipokuja mwili umepumzika.

## Vinavyoharibu bila wewe kujua

Kafeini inachukua kama masaa 5 kupungua nusu, kwaiyo kahawa ya kijiweni ya saa 10 jioni, nusu yake bado iko mwilini saa 3 usiku. Chai ya rangi nayo inayo, soda ya kola, vinywaji vya kuongeza nguvu, na baadhi ya vidonge vya kichwa pia, soma pakiti. Mwisho iwe saa 6 mchana wakati wa mwongozo huu. Mirungi ndo kabisa, kazi yake ni kukesha.

Pombe inakulaza haraka alafu inakukata katikati ya usiku. Piriton inalewesha siku za mwanzo, mwili unaizoea, na asubuhi inakuacha mzito.

## Kwa watu wa nyumbani

Msimuulize kila asubuhi "umelala?". Najua mnauliza kwa upendo, lakini anapanda kitandani akijua kesho kuna mtihani wa kujibu. Mkimkuta kwenye kiti usiku mwacheni. Mke au mume, mambo mazito ya hela na ya watoto yaletwe kabla ya ile saa ya daftari, yasije kitandani. Punguzeni tivii, mbebe mtoto mdogo zamu mojawapo kama inawezekana, na asiambiwe mvivu akisinzia mchana wiki ya kwanza. Anayeamini kuna mkono wa mtu aendelee na maombi au kisomo chake, ila daftari liendelee pia.

## Lini uache mwongozo uende hospitali

Ukiwa na huzuni au kukosa hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili, hamu ya kula imebadilika, unashtuka alfajiri na uzito kifuani, unajiona huna maana, hiyo inaweza kuwa sonona na inatibika, usiihangaikie peke yako na ratiba za kulala. Ukikaa siku kadhaa bila kulala na huchoki, maneno mengi, mipango mikubwa, hela zinatoka ovyo, nenda haraka. Ukikoroma sana na mwenzako anasema pumzi inakata, hiyo ni shida nyingine kabisa.

Mawazo ya kujiua ni leo, si baada ya wiki 6. Mwambie mtu, usibaki peke yako usiku huo, mwenzako aondoe sumu za shambani na vidonge ndani ya nyumba, nendeni hospitali iliyo karibu hata usiku. Kenya kuna namba 1199 ya Msalaba Mwekundu, bure. Tanzania anza hospitali ya wilaya au ya mkoa uulizie kliniki ya afya ya akili, Muhimbili na Mirembe Dodoma zinapokea rufaa, na Nairobi kuna Mathari. Nenda na daftari lako, daktari akiona wiki tatu zimeandikwa anakuelewa haraka kuliko kumwambia "silali".

## Usingizi ukikata tena

Utakata, msiba ukitokea, kazi ikiyumba, mtoto akiugua. Usiku mbili tatu mbaya usifanye chochote zaidi ya kushika saa ya kuamka. Zikifika wiki mbili, fungua daftari ukurasa mpya, andika siku 7, rudi hatua ya 3. Mara ya pili mara nyingi huwa fupi kuliko ya kwanza kwa sababu njia unaijua tayari. Na kushtuka mara moja mbili usiku ukageuka ukalala tena ni kawaida kwa kila binadamu, hilo usiliandikie hata mstari.